Daftari la Wiki: Aliyeomba Kibaba

Jumatatu nilifika Rutamba kwa azma ya kulitazama ziwa kabla jua halijapanda, na nilipomkuta mzee mmoja barazani akichonga mpini wa jembe nilimwamkia nikamwuliza njia. Naye, baada ya kuniitikia marahaba na kutaka kujua kwetu ni wapi na nani bado yu hai huko, akanipa habari ya mwembe uliokwisha kukatwa, ambao laiti ungalikuwapo ungalikuwa alama yangu, ya shemeji yake aliyeoa upande wa Litipo, na mahari ambayo hata leo haijatimia, ya masika yaliyoifuta njia ya zamani, na mwisho, nilipokuwa nimekata tamaa, akanyoosha mpini wake: “Ndilo lile, mwanangu, linang’aa pale.” Niliomba kibaba nikapimiwa pishi, tena pishi ya kufurika. Walakini sikughadhibika, maana nilitambua baadaye kwamba katika maelezo yale yote aliyekuwa akiulizwa ni mimi.

Jumatano nilirejea tarehe ya kale ya masultani wa Kilwa, ambayo haimhurumii msomaji kwa wingi wa nasaba na miaka ya enzi. Lakini humo mna kisa cha mgeni aliyekinunua kisiwa kwa nguo, akatahadharishwa na Mwislamu aliyemkuta pale kwamba muuzaji atarudi kutoka bara kumwua. Mlango wa bahari ukachimbwa, na muuzaji aliporudi akangoja maji yapwe, yasipwe. Tahadhari ile, nadhani, haikuzidi maneno kumi.

Majirani wa huko, Wamatumbi, wana neno njwiywila, yaani mnong’ono wa siri. Kwa mnong’ono huo habari za mganga Kinjikitile wa Ngarambe zilipita sikio hata sikio, kila mtu akipewa kadiri ya kumtosha kuondoka kwake, hata Julai 1905, vita vya Majimaji vikianza, miche ya pamba ikang’olewa Nandete. Akida wa Wajerumani hakupimiwa hata kibaba.

Jumamosi, kikohozi. Ndani ya kisanduku cha dawa mlikuwa na karatasi ndefu kama kilemba, imeandikwa kwa lugha nne, Kiswahili si mojawapo. Nikamwuliza muuzaji.

“Kijiko asubuhi, kijiko jioni.”