Maoni Yetu: Plagi ni nne tu, zibadilisheni

Gari linatetemeka likiwa limesimama. Likianza kupanda linakohoa. Taa ya injini imewaka tangu mwezi uliopita na dereva ameibandika tepu nyeusi asiione. Ukimuuliza kulikoni, jibu analo tayari: mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa. Ukimuuliza plagi zilibadilishwa lini, anaangalia pembeni.

Tusidanganyane. Uchakachuaji ulikuwapo kweli, ndiyo maana mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Ewura, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini jirani amejaza kwenye kituo hicho hicho na gari lake linapanda Marangu bila shida. Yeye alibadilisha plagi.

Hapa Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, ni rahisi kujidanganya kwa sababu nchi ni tambarare. Plagi iliyochoka inaweza kujificha miezi kadhaa kati ya Kahe na Chekereni. Siku gari linapobeba abiria na matenga ya nyanya, likapita Himo na kuanza kuutafuta mlima, siri inafichuka. Kahe iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Ukikanyaga mafuta na mzigo uko nyuma, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka, na cheche inahitaji umeme mkali zaidi ili iruke. Plagi iliyolika haiwezi. Silinda moja inakata, na dereva anarudi gia ya kwanza huku akilaumu kituo cha mafuta.

Hasara haiishii hapo. Kadiri plagi inavyotumika, ncha yake inalika na mwanya unapanuka. Injini nyingi ndogo za Toyota tunazoendesha huku zinataka mwanya wa milimita moja hivi. Ukizidi, koili inalazimika kutoa umeme mkubwa zaidi kila mara. Inachemka, na mwisho wake inakufa. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na nyingine inakwenda kuungulia kwenye bomba la moshi na kuharibu kataliti. Ulikwepa kununua kitu cha bei ndogo, sasa unanunua vya bei kubwa.

Plagi za kawaida hudumu kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Za iridiamu, ambazo ni ghali zaidi, hufika hata 100,000. Gari la abiria linalokimbia kilomita 100 kwa siku linafikisha 30,000 kabla ya mwaka kwisha. Gari lililoshuka bandarini Dar es Salaam likiwa limeshatumika miaka kumi Japani, na halijawahi kuguswa plagi tangu lifike, halihitaji mganga.

Mafundi nao tuwaambie ukweli. Kusugua plagi kwa msasa hakurudishi ncha iliyolika. Kubadilisha moja na kuacha tatu ni kumwita mteja arudi wiki ijayo. Kuchomoa koili moja moja huku injini inanguruma, ili kujua ipi imekufa, ni kutafuta shoti na kuua zile zilizobaki. Na ile kauli ya "weka yoyote inayoingia" ikomeshwe: plagi mbili zinaweza kuingia tundu moja huku moja ikiwa ndefu zaidi au ya injini yenye joto tofauti. Namba imeandikwa kwenye plagi na kwenye kitabu cha gari. Isomeni.

Kazi yenyewe haina uchawi. Injini ipoe kwanza. Puliza vumbi kwa upepo kabla ya kuchomoa plagi, maana vumbi la Kahe likiangukia ndani ya silinda litasaga usichotaka kisagwe. Itazame plagi iliyotoka. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inachoma vizuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli inazidi au cheche ni dhaifu. Ikilowa oili, kuna tatizo ndani zaidi, na plagi mpya peke yake haitaliponya. Plagi mpya ianze kufungwa kwa mkono mpaka ikae, ndipo spana iongeze kama nusu mzunguko. Ukiilazimisha unakata nyuzi za silinda hedi, na hapo utajuta.

Koili ikaguliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa imeshafunguliwa. Angalia mpira wake kama umepasuka, kama una mistari ya kuungua, kama umelowa oili iliyovuja kwenye gasketi ya juu au maji ya kuoshea injini. Mashine ya kupimia ikisoma P0302, silinda ya pili haichomi. Hamishia koili yake kwenye silinda ya tatu, futa kosa, endesha kidogo, pima tena. Ikisoma P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, iache koili na utafute kwingine. Jaribio hilo halidai spea hata moja, lakini bado watu wananunua koili nne kwa kubahatisha. Na kuweka koili mpya juu ya plagi iliyokwisha ni kumvalisha viatu vipya mtu mwenye mwiba mguuni.

Wenye Corolla za zamani zenye distributa wasijione wamesalimika. Wao wana waya za plagi, kifuniko na rota, navyo vinachakaa vile vile. Wenye Noah za zamani watasema injini iko chini ya viti, kuifikia ni usumbufu. Basi watenge saa nzima badala ya nusu saa.

Kuhusu spea feki, ni kweli zipo. Nunua kwenye duka linalokupa risiti, linganisha namba, na ukiuziwa plagi ya iridiamu kwa bei ya soda, ujue umeuziwa boksi.

Fundi, mwonyeshe mteja plagi ulizotoa na umwandikie kilomita ulizofungia mpya. Mwenye gari, karatasi hiyo itunze ndani ya gari. Na kabla hujalaumu mafuta tena, muulize fundi wako plagi zako zina kilomita ngapi. Akisema hajui, zibadilishe zote.