Nusu ya Dawa ni Maelezo Yake

Msimu wa korosho ufikapo, mikono ya wakulima wa Kisarawe huonyesha kazi waifanyayo. Ganda la korosho lina mafuta makali ambayo huunguza ngozi, na kwa baadhi ya watu huamsha mzio. Huko Kibaha, mpishi, mfua nguo na mwashi hupatwa na madhara yanayofanana na hayo kutokana na maji, sabuni na saruji. Viganja hukauka, huwasha na kupasuka. Vikipona leo, kesho huanza tena. Huu ndio ukurutu wa mikono. Ukidumu zaidi ya miezi 3, au ukirudi mara 2 au zaidi kwa mwaka, huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu. Ukurutu hauambukizi.

Dawa inayoandikwa mara nyingi na daktari ni malhamu au krimu ya jamii ya steroidi, kama vile betamethasoni. Tangu mwaka 1952, Sulzberger na Witten walipotangaza mafanikio ya kupaka haidrokotisoni juu ya ngozi, manufaa ya dawa hizi hayana ubishi. Tatizo ni namna zinavyotumiwa. Mgonjwa mmoja hupaka miezi mingi bila kurudi kwa daktari, mpaka ngozi ikawa nyembamba na yenye kuchubuka upesi. Mwingine, akiisha kusikia habari za huyo wa kwanza, huitupa dawa siku ya tatu, na mikono yake ikabaki na nyufa. Wote wawili walikuwa na dawa; walichokosa ni maelezo.

Maelezo yenyewe si magumu. Dawa ikikamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza, hupatikana takriban nusu gramu, nayo hutosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Mikono miwili huhitaji gramu 1. Basi mrija wa gramu 15, ukitumika mara moja kwa siku, utakwisha kwa muda wa siku 15 hivi. Ukikwisha kwa siku 4, dawa imezidishwa. Ukidumu miezi 3, haikupakwa ipasavyo.

Yafaa pia ieleweke kwamba ngozi ya mwili haifanani pote. Paji la uso hufyonza steroidi mara 6 hivi kuliko mkono wa mbele, ilhali kiganja, kwa unene wake, hufyonza pungufu kidogo. Kwa sababu hiyo, dawa kali iliyoandikwa kwa ajili ya viganja isipakwe usoni, wala asiazimwe jirani. Huenda jirani huyo ana fangasi. Steroidi itapunguza mwasho huku ugonjwa ukienea kwa siri.

Hata dawa mpya hazikwepi sharti hili. Krimu ya delgositinibu, isiyo steroidi, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwaka 2025 kwa watu wazima wenye ukurutu sugu wa mikono. Nayo huko Marekani imewekewa kikomo cha gramu 60 kwa mwezi.

Wapo wasemao kwamba cheti cha daktari chatosha kumlinda mgonjwa. Cheti ni lazima, lakini cheti kisichofuatana na maneno ni karatasi tu. Daktari na mwuza dawa hawana budi kumwambia mgonjwa apake kiasi gani, wapi, kwa siku ngapi, na arudi lini. Wamwambie vilevile kwamba dawa haitashinda ikiwa chanzo kinaendelea: avae glavu abanguapo korosho au ashikapo saruji, na apake mafuta ya mgando kila amalizapo kunawa.

Shule nazo zina sehemu yake. Somo la ngozi limo katika Biolojia, na hesabu ya gramu na siku haimshindi mwanafunzi yeyote wa sekondari. Mwalimu akitumia kipindi kimoja kupima dawa kwa ncha ya kidole, mwanafunzi atakwenda nayo nyumbani elimu ambayo mzazi wake, mwenye mrija mkononi, pengine hakuelezwa na mtu.