Kipimo cha Mwanga Katika Picha za Buibui

Katika chama chetu cha picha wako wenzangu wasemao ya kuwa mpiga picha hana haja ya kujisumbua na kipimo cha mwanga, kwa sababu kamera za siku hizi hujipimia zenyewe. Mimi siyakubali maneno hayo, hasa kwa picha za buibui zipigwazo kwa karibu sana.

Kamera haijui buibui wala ua. Hudhani kila kitu kina rangi ya kadiri, si nyeupe wala si nyeusi, kisha hupima mwanga kwa dhana hiyo. Muhula uliopita nilipewa kazi ya kupiga picha mbili za maonyesho ya baiolojia, Siku ya Wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya yule buibui mdogo mweupe akaaye juu ya ua jeupe kuvizia nyuki. Kamera ilipoona weupe mwingi ikapunguza mwanga, na buibui akatoka kijivu kama aliyepakwa majivu. Ya pili ilikuwa ya buibui mkubwa atandaye utando wa rangi ya dhahabu. Nyuma yake palikuwa na kivuli cha mwembe. Kamera ikaona giza, ikaongeza mwanga, na manjano yote ya mwilini mwake yakaungua yakawa meupe. Muda ulikuwa umekwisha, ikatundikwa hivyo hivyo. Mzazi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni buibui au ni pamba?" Niliona haya.

Wengine husema makosa hayo hurekebishwa kwa kompyuta. Kweli, picha iliyofifia kidogo huweza kuinuliwa, ingawa chengachenga huzidi; lakini palipoungua kabisa hapana kitu kilichobaki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi tufanyeje? Penye weupe mwingi tuongeze mwanga hatua moja. Penye giza nyuma tupunguze hatua moja, kisha tutazame chati ya mwanga kabla ya kuondoka. Tukumbuke pia ya kwamba tukisogea hata umbo la buibui ndani ya kamera likalingana na ukubwa wake halisi, mwanga uingiao hubaki robo tu. Kwa hiyo yafaa kutumia taa ya kamera, nayo ifunikwe kwa karatasi nyeupe nyembamba, ili mgongo wa buibui usimetemete kama bati.

Jumamosi iliyofuata nilirudi mwembeni, nikafanya hivyo, na manjano yakaonekana.

Rai yangu ni kwamba mwanachama mpya asikabidhiwe kamera ya chama kabla ya kufundishwa jambo hili, walau jioni moja. Mabwenini mwetu buibui hupigwa kwa ufagio kila siku. Picha ya kweli yaweza kumfanya mtu atazame kwanza. Picha ya pamba haiwezi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne