Binti wa migombani aliyeongoza makazi ya dunia

Safu: NJIA YA UNYANYEMBE
Na Mwajuma Kapela

Wazazi wenzangu wa Ntalikwa, kabla hamjapokea mahari ya binti aliye bado darasani, nawaomba mfikirie safari ya Anna Tibaijuka.

Alizaliwa Muleba, Kagera, mwaka 1950, katika familia ya wakulima wadogo. Akasoma Rugambwa, shule ya bweni ya wasichana pale Bukoba, na baadaye akafika Uppsala, Sweden, alikopata udaktari wa uchumi wa kilimo. Mtaalamu wa mashamba, basi. Mwaka 2000 ndiye aliyekabidhiwa chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia miji na makazi, makao yake yakiwa Nairobi. Wakati anachezea migombani, nani kwao angeitabiri kazi hiyo?

Mwaka 2005 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alimtuma Zimbabwe, ambako serikali ilikuwa imebomoa nyumba na vibanda vya maskini mijini. Ripoti yake haikuuma maneno: watu wapatao 700,000 walikuwa wamepoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Serikali ya Mugabe ilichukia. Mimi naamini aliyekulia kijijini anajua kibanda kimoja kina uzito gani kwa familia, na ujuzi huo haufundishwi Uppsala. Wapo wanaomkumbuka zaidi kwa sakata la fedha za akaunti ya Escrow lililomwondoa uwaziri wa ardhi nchini Desemba 2014. Hilo lina mjadala wake. Leo nazungumzia mlango uliomtoa Muleba, nao ulikuwa shule iliyomlaza na kumlisha.

Huku kwetu mlango huo bado mwembamba. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Tabora, wanawake 58 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Shinyanga peke yake ndiyo iliyotuzidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuirekebisha. Mwaka ukapita, sheria ikabaki vilevile. Inaniuma.

Na asitokee mtu wa kuniambia eti mila za Unyamwezi zinataka binti akae nyumbani. Mila zipi? Karne ya 19 wanawake wa Kinyamwezi walitembea na misafara kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakipika, wakibeba mizigo, watoto mgongoni, wakauona Mwambao na kurudi. Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, aliolewa na baba wa mfanyabiashara Tippu Tip, na nguvu ya ukoo wa Karunde ndiyo iliyompa mumewe heshima Unyanyembe. Wanawake hao hawakufichwa nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo madiwani wetu wasituletee hotuba Siku ya Mwanamke. Walete mabweni kwenye shule za kata, ili binti asitembee saa nzima porini alfajiri huku bodaboda akimvizia kwa lifti na chipsi. Bajeti ya manispaa inajadiliwa kila mwaka. Tukahudhurie vikao, tuulize fungu la mabweni liko wapi, na jibu tulidai kwa maandishi.