Msako si makazi

Julai 2022 serikali ya Burundi ilianza kuwaondoa watoto wa mitaani na ombaomba mjini Bujumbura. Mamia walikamatwa, wakapakiwa magarini na kurudishwa mikoani walikotoka. Wapo wakazi waliofurahi, wakisema mji umesafishwa. Lakini kijana aliyeondoka kilimani kwao kwa sababu ya njaa aliikuta njaa ileile aliporudishwa. Leo, usiku, vibaraza vya maduka mjini bado vina watu waliolala juu ya maboksi.

Tunasema wazi: msako haujampa mtu hata mmoja pa kulala, na usirudiwe.

Anayetaka kujua watu wanapotezaje nyumba aende Gatumba, magharibi mwa mji. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Wengine walihamia kwenye mahema ya Kigaramango, wakaambiwa ni kwa muda. Kisha mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kukaribia kimo cha 1964, maji yakarudi majumbani. Serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada Aprili mwaka huo, wakati waliohama makwao nchini walikuwa karibu 100,000. Hema la turubai halikujengwa kwa miaka. Jua hulipasua, upepo hulichana, na baba hutoka kwenda mjini kutafuta vibarua. Mtoto humfuata. Hapo ndipo tunapomwita mayibobo, mtoto wa mitaani, na kushika mikoba yetu.

Husemwa pia kwamba watu wa Gatumba walijitakia kwa kujenga bondeni. Maneno hayo hayana haki. Walijenga pale kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi, samaki wako karibu, na njia ya kwenda kuchuuza Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ni fupi. Ndani ya mji wangelipa nini? Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, hata kwa chumba kimoja cha aneksi huko Kamenge au Kanyosha. Muuza ndizi hazioni pesa hizo pamoja hata siku moja. Na Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38, mabati na vifaa vingine vinavyoagizwa nje vilipanda bei. Mwenye nyumba alimpelekea mpangaji hesabu hiyo.

Mji huu uliwahi kujenga kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Katika miaka ya 1950 OCAF, shirika la nyumba la wakoloni, ilijenga nyumba za mtaa wa Ngagara, ndogo lakini imara, na hadi leo kuna familia zinaishi humo. Wakoloni hawakufanya hivyo kwa huruma. Walihitaji wafanyakazi wakae karibu na kazi. Serikali ya wananchi wenyewe ina sababu kubwa kuliko hiyo. Baadaye shirika la umma ECOSAT lilipima viwanja, na sasa kazi hiyo iko mikononi mwa OBUHA, ofisi ya serikali ya mipango miji na makazi. Vyombo havikukosekana. Kinachokosekana ni uamuzi wa kumfikiria mpangaji wa chumba kimoja kabla ya mwenye ghorofa.

Kwa hiyo tunaitaka OBUHA itenge viwanja vidogo kwenye ardhi ya juu, vyenye maji na barabara, na familia za Gatumba zipewe kwanza, zikiwa na hati mkononi. Bunge liondoe uzururaji na kuombaomba katika kanuni ya adhabu, maana umaskini si kosa la jinai. Wizara ya Mshikamano ipeleke pesa za magari ya msako kwenye vituo vya kulala watoto, na kwenye familia zilizo tayari kuwapokea.

Wenye nyumba nao tunawaomba: pokeeni kodi ya mwezi kwa mwezi. Mvua kubwa hurudi Februari.