MTUMISHI NAYE ASHIKE JEMBE

Mwaka 1967, asilimia 67 ya watu wazima nchini Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1975, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39. Walimu wa kuajiriwa peke yao wasingeiweza kazi hiyo. Iliwezekana kwa sababu wakulima na vijana waliomaliza shule ya msingi walikubali kuwafundisha jirani zao baada ya kutoka shambani.

Leo wananchi wanapoitwa kuchimba msingi wa darasa, si ajabu kumkuta mtumishi amesimama kivulini na daftari la mahudhurio. Akiulizwa, hujibu kwamba yeye si mwenyeji, amehamishiwa tu. Huko si kujitolea. Ni kuhesabu jasho la wengine. Tena mtumishi huyo alisomeshwa kwa jasho hilo hilo, na deni lake halilipwi kwa hotuba.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtumishi aliyekaa kijijini miaka mitatu amekwisha kuwa mwenyeji. Akitangulia yeye msingini, wananchi watamfuata bila ya kutishwa kwa faini.