AFYA NA JAMAA: Moshi wa Barabarani Haukomei Kifuani

Baba aliyeshinda njiapanda akiongoza magari, au mama aliyekaanga mihogo kando ya kituo cha basi tangu alfajiri, hurudi jioni na weusi katika kola ya nguo. Weusi huo husuguliwa kwa sabuni ukatoka. Ule uliovutwa puani haufuliki.

Wengi wetu tumezoea kuuhesabu moshi kuwa adui wa mapafu tu: kikohozi, pumu na kubanwa kifua. Lakini chembe za moshi zilizo ndogo kabisa huweza kupenya mapafu zikaingia katika damu, na damuni ndimo homoni zinamosafiri. Homoni ni matarishi wa mwili. Hutolewa na tezi, zikapeleka amri za usingizi, nguvu, makuzi na uzazi. Tarishi akipotoshwa njiani, nyumba nzima hukosa mpango.

Huko Roma, nchini Italia, wataalamu wa Chuo Kikuu cha La Sapienza waliwapima damu askari waongozao magari, wakawalinganisha na wenzao wa ofisini. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba wanaume wa barabarani walikuwa na kotisoli nyingi zaidi, yaani homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya figo mwili unapokuwa katika taabu. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba testosteroni, homoni ya kiume, ilikuwa pungufu kwao. Yafaa ieleweke kwamba vipimo hivyo havikusema askari hao ni wagonjwa, wala moshi haukuwa mshtakiwa pekee. Kelele na mashaka ya kazi navyo vimo.

Jambo hili latuhusu majumbani. Ndoa ikikawia kupata mtoto, kidole huelekezwa kwa mke kwanza. Mume akirudi amechoka, huitwa mvivu. Kabla ya kulaumiana, waende wote wawili wakapimwe, na daktari aelezwe kazi ya kila mmoja na mahali anapoifanyia.

Leso puani haifai kitu kikubwa, kwani chembe hizo hupita baina ya nyuzi zake. Dawa hasa imo mikononi mwa waajiri na Serikali: zamu fupi, kubadilishana vituo, na kuyaondoa barabarani magari yatoayo moshi mzito. Tusiseme haiwezekani. Madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa katika petroli, sumu ijulikanayo kudhuru ubongo wa watoto na uzazi wa wakubwa, yaliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Hayakuondolewa kwa leso ya mtu mmoja mmoja, bali kwa uamuzi wa pamoja. Na moshi huu hauna njia nyingine ya kuondoka.